Samaki wa Dhahabu Nyumbani: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Anayenunua samaki wa dhahabu kwa mara ya kwanza hutoka dukani akiwa na vitu vitatu: samaki mmoja au wawili ndani ya mfuko wenye maji, bakuli la kioo la mviringo, na kopo dogo la chakula. Siku ya tatu au ya nne maji yanafanya ukungu. Wiki ya pili samaki analala ubavu juu ya maji, watoto wanalia, na wazazi wanaamua kwamba samaki hawa ni dhaifu na havifai kuwekwa nyumbani vitu vya namna hiyo. Samaki wa dhahabu si dhaifu. Akitunzwa vyema huishi miaka 10 na zaidi. Kilichomuua ni bakuli.

Ustawi wa wanyama na shughuli za uvuvi ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo suala la samaki wa sebuleni si mchezo wa watoto tu. Kwa wakazi wa Nakuru lina uzito zaidi, kwa sababu kaunti hii ina Ziwa Naivasha, na ziwa hilo limekwisha kuona kinachotokea samaki mgeni anapoingia majini bila mtu kupanga. Habari hiyo inafuata mbele. Kwanza, samaki mwenyewe.

Samaki wa dhahabu ni wa jamii ya kapi, na asili yake ni Uchina, ambako watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Wale wa mwanzo walikuwa na rangi ya kijivu na kijani iliyofifia. Mara moja moja alizaliwa mmoja mwenye rangi ya machungwa, naye akatengwa na kuzalishwa. Kutokana na uteuzi huo wa karne nyingi kukapatikana makundi mawili. Kuna wenye mwili mrefu na mkia mmoja, ambao ni wepesi na wagumu. Halafu kuna wa mapambo, wenye mwili mfupi kama yai na mkia wa pande mbili. Hawa ndio wanaovutia macho dukani: oranda mwenye kilemba cha nyama kichwani, ryukin mwenye nundu mgongoni, ranchu asiyekuwa na pezi la juu, na yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza kama vifundo.

Uzuri huo una gharama, na anayelipa ni samaki. Mwili uliofupishwa umebana utumbo na kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kukaa sawa majini. Ndiyo maana wa mapambo huvimbiwa na kupinduka kwa urahisi. Huogelea polepole, na wenye macho makubwa hawaoni vizuri. Hivyo wasichanganywe na wale wa mkia mmoja, ambao watamaliza chakula kabla hawa hawajageuka. Wala wasiwekwe pamoja na tilapia au kambare wadogo waliotolewa bwawani, hata kama nafasi ipo.

Kinachoua ni amonia

Samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana. Uchafu wake, hasa unaotokea kwenye matamvua, ni amonia, ambayo haionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa huku yakiwa na amonia ya kutosha kuchoma matamvua. Ziwani au mtoni uchafu huo husambaa katika maji mengi. Ndani ya bakuli la lita 5 hauna pa kwenda.

Ndani ya tangi lililokomaa kazi ya kusafisha hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio, kwenye mawe na kwenye kuta za kioo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi kiwango fulani na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Kazi yote ya mfugaji anayeanza ni kuwalea bakteria hawa. Samaki watajilea wenyewe baadaye.

Tatizo ni kwamba bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi. Hukua kwa wiki 4 hadi 6, na katika nyumba zenye baridi, kama zile za Molo au Mau Narok, huenda wakachukua muda zaidi. Tangi jipya lenye maji safi na kichujio kinachonguruma ni tupu kwa maana hiyo. Samaki anayetiwa humo siku hiyo hiyo anaogelea ndani ya choo chake.

Njia isiyomtesa samaki ni kuliandaa tangi likiwa bado halina samaki. Maji hutiwa, kichujio huwashwa na kuachwa kifanye kazi usiku na mchana, na chembe chache za chakula cha samaki hutupwa ndani kila baada ya siku moja au mbili zioze na kutoa amonia. Kila siku chache mfugaji hupima kwa vifaa vya matone. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda. Baadaye nitriti nayo itashuka na nitrati ianze kuonekana. Amonia na nitriti zinapobaki sifuri ingawa chakula bado kinatiwa, tangi limekuwa tayari. Sehemu kubwa ya maji hubadilishwa, kisha samaki waletwe. Aliye na jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima anaweza kuomba kipande cha sponji iliyotumika na kukiweka ndani ya kichujio chake. Kipande hicho huja na bakteria wake, na muda wa kusubiri hupungua sana.

Vifaa vya kupimia maji vinaonekana kuwa anasa kwa mtu aliyekwisha kununua tangi, kichujio na pampu. Kama fedha hazitoshi, heri kuacha ngome ya plastiki na taa za rangi, vipimo vikanunuliwa.

Tangi la ukubwa gani

Samaki mmoja wa mapambo anahitaji lita 75 hivi, na kila anayeongezwa anahitaji lita 40 zaidi. Wawili basi wanataka lita 115 au 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Wengi hushangaa kusikia hivyo wakimtazama samaki mwenye urefu wa kidole. Lakini samaki huyo hukua hadi sentimita 15 au 20, na mwenye afya hafiki nusu ya safari hiyo ndani ya bakuli. Ule usemi kwamba samaki hukua kulingana na chombo alichomo hauelezi jambo la kujivunia. Samaki anayebaki mdogo kwenye bakuli amedumazwa na maji machafu, na maisha yake hufupishwa pia.

Mafundi wa vioo katika miji yetu hutengeneza matangi kwa vipimo vya mteja. La sentimita 90 kwa 40 kwa 45 hubeba lita 162 likijazwa hadi ukingoni, na ukiondoa nafasi ya juu na ya mchanga hubakia lita 130 hadi 140. (Hesabu yenyewe ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1000.) Kioo cha milimita 6 ndicho cha chini kwa kimo hicho, cha 8 humpa mtu usingizi. Silikoni iwe ile yenye harufu ya siki, isiyokuwa na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya kutiwa maji.

Uzito usisahaulike. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi hilo lina zaidi ya kilo 130 kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Meza ya televisheni haikuundwa kwa mzigo huo. Stendi iwe ya chuma au mbao nzito, na ikae mahali pasipopigwa na jua la dirishani, ambalo hupasha maji joto na kuyafanya kijani kwa mwani.

Ndani ya tangi kusiwe na kitu chenye ncha, kwa ajili ya macho na mapezi. Samaki wa dhahabu huchimbachimba chini akitafuta chakula, na changarawe ya ukubwa wa punje ya mahindi hunasa kooni. Mchanga laini unafaa, au mawe makubwa yasiyoingia mdomoni, au kioo kitupu.

Maji ya huku juu

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa kwa watu wa nchi za tambarare, karibu na usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Naivasha ni karibu na hapo. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Tangi ambalo lingetosha samaki watatu Mombasa kwa upande wa hewa pekee linakuwa na akiba ndogo zaidi huku. Baridi husaidia kiasi, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi ya maji moto. Hata hivyo pampu ya hewa, ambayo mahali pengine huhesabiwa kuwa nyongeza, hapa ni lazima. Kinacholeta oksijeni si mapovu yenyewe bali mtikisiko wa uso wa maji, kwa hiyo tangi pana na fupi ni bora kuliko refu na jembamba, hata kama lita ni zile zile.

Umeme ukipotea, mambo hubadilika haraka. Pampu ndogo ya betri ni ya thamani wakati huo. Asiye nayo anaweza kuchota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, na asiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Kichujio kilichozimika kwa saa nyingi kisiwashwe hivi hivi: bakteria waliokosa hewa ndani yake huanza kufa na kuoza. Sponji isuuzwe kwanza kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi.

Kuhusu joto, nyuzi 18 hadi 23 za Selsiasi huwafaa wa mapambo. Sebule nyingi za kaunti hii zina joto hilo au karibu nalo bila kifaa cha kupashia. Kinachowaumiza ni mabadiliko ya ghafla, kama maji ya bomba ya alfajiri yanapomiminwa tangini moja kwa moja.

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu. Klorini hiyo huchoma matamvua na kuua bakteria wa kichujio. Ikiachwa kwenye ndoo pana isiyo na kifuniko kwa saa 24, hutoka. Dawa ya kuiondoa inayouzwa madukani huitoa kwa dakika chache. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji hayo yana magadi. Samaki wa dhahabu huyapenda maji yenye magadi kidogo, ila kuna jambo la kuangaliwa: kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa na sumu. Kipimo kile kile cha amonia huwa na sumu takriban mara 10 zaidi katika pH ya 8 kuliko katika pH ya 7. Kwa hiyo anayetumia maji ya kisima hana nafasi ya kuzembea na vipimo. Maji ya mvua nayo ni mepesi mno yakitumiwa peke yake. pH yake huweza kuporomoka usiku mmoja. Yachanganywe na ya mfereji au ya kisima.

Kila wiki theluthi moja ya maji hubadilishwa. Kwa tangi la lita 120 hiyo ni mitungi miwili, yaani 8 kwa mwezi. Katika mitaa yenye mgao wa maji, au kwa familia inayonunua maji ya mkokoteni, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua samaki. Kama haiwezekani, si aibu kuahirisha.

Kuchagua na kulisha

Dukani, samaki wa kununuliwa ni yule anayezunguka akichokoa chini, mwenye mapezi yaliyofunguka na macho angavu. Anayejibana pembeni, anayejisugua kwenye mawe, au aliye ndani ya tangi lenye maiti hata mmoja aachwe, hata akipunguzwa bei. Kumhurumia mgonjwa na kumpeleka nyumbani ni kuwapelekea ugonjwa wengine. Akifika, mfuko wake uelee juu ya maji dakika 15 au 20 ili joto lilingane, maji ya tangi yaongezwe humo kidogo kidogo, kisha samaki ahamishwe kwa wavu na maji ya dukani yamwagwe. Wawili ni bora kuliko mmoja, maana hawapendi upweke.

Mara moja au mbili kwa siku inatosha, chakula kinachomalizika ndani ya dakika mbili. Wa mapambo wapewe chembe zinazozama, zikiwa zimelowekwa dakika moja. Vinavyoelea huwafanya wameze hewa, na hewa hiyo ni moja ya sababu za kupinduka. Mara mbili au tatu kwa wiki wapewe mboga: njegere iliyochemshwa na kumenywa, au mchicha uliochemshwa ukakatwakatwa. Mkate na ugali si chakula chao, ingawa wataula kwa furaha. Samaki wa dhahabu hana tumbo kama la mbwa au la mtu, ana utumbo tu, kwa hiyo hajui kushiba. Ataomba kila mtu anapopita. Watoto waelezwe hilo mapema, na kopo la chakula likae juu ya kabati.

Samaki anapohema juu ya maji, anapokunja mapezi na kukaa chini, au mishipa myekundu inapoonekana mkiani, jambo la kwanza ni kupima maji, na la pili ni kubadilisha nusu yake siku hiyo hiyo. Dawa ije baadaye. Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini ni vimelea, na hayo ndiyo yanayohitaji dawa. Ofisi za mifugo na uvuvi za kaunti ndogo zinaweza kumwelekeza mfugaji. Sponji ya kichujio kamwe isioshwe kwa maji ya bomba wala sabuni. Wafugaji wengi huua tangi lao siku ya usafi mkubwa.

Asiyehitajika asipelekwe ziwani

Kuna siku mwenye samaki atahama, atachoka, au samaki watazidi nafasi. Wazo linalokuja kwanza ni kuwaachilia mtoni au ziwani, na linaonekana kuwa la huruma.

Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo wa urefu wa vidole, na mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Wengine wote wanaovuliwa humo waliletwa. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani aliingizwa mwaka 1970 na akala mimea ya majini kwa wingi. Kapi, yule mwenye magamba makubwa na ndevu ndogo pembeni mwa mdomo, hakualikwa na mtu. Anaaminika kuwa alitoroka kwenye ufugaji wa juu ya mto. Alianza kuonekana kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika miaka michache tu akawa ndiye anayezijaza. Leo wavuvi wengi wanamtegemea kwa riziki, na hilo si la kubezwa. Lakini hula kwa kufukua tope, maji yakachafuka na mimea ya chini ikakosa mwanga, na hakuna awezaye kumtoa tena.

Samaki wa dhahabu ni binamu yake na hula vivyo hivyo. Wawili hao huweza hata kuzaliana. Mwenye mkia mrefu wa hariri huenda akaliwa na mwari siku ya kwanza, ila anayenusurika huzaa, na baada ya vizazi vichache watoto hurudi kuwa na rangi ya kijani na kijivu ya mababu zao wa Uchina. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliwaomba wakazi waache kuwatupa ziwani baada ya kukuta samaki wakubwa wa kushikwa kwa mikono miwili, ambao kila mmoja bila shaka alitokana na samaki wa sebule ya mtu. Hata asipozaa, samaki wa dukani anaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia kapi, na hasara hiyo itamwangukia mvuvi.

Asiyewataka tena samaki wake awarudishe dukani, ampe mfugaji mwingine, au aulize ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo. Mto Malewa na Mto Gilgil humwaga maji yake Naivasha, na Mto Njoro huingia Ziwa Nakuru, kwa hiyo mfereji wa nyuma ya nyumba nao si mahali salama. Bwawa la shambani si salama vilevile, kwa kuwa mvua kubwa hulifurisha. Aliyekufa azikwe bustanini, si kutupwa chooni wala mtoni. Mimea ya tangi ikaushwe juani mpaka ivunjike kabla ya kutupwa, kwani gugumaji nalo liliwahi kuwa ua la kupendeza ndani ya chombo cha mtu. Na yale maji ya theluthi ya kila wiki, yenye nitrati ndani yake, yamwagiwe sukuma wiki. Mboga huyapenda kuliko ya bomba.